Umeme Humfuata Mnunuzi

Mazutu yanayosaga muhogo wa Kashebere yameteremshwa melini Mombasa au Dar es Salaam. Yamevuka mipaka ndani ya tangi la lori, yamefika Goma, yamemiminwa kwenye pipa, kisha kwenye bido za lita 20. Bido hizo zimefungwa juu ya Fuso au nyuma ya pikipiki, zikapandishwa Sake, zikapita Masisi-Centre na Nyabiondo, zikilipiwa kwenye kila kizuizi cha njiani. Zinapofika kwetu, mpakani mwa Masisi na Walikale, bei imepanda mpaka mwenye mashine anaona haya kumtajia mama aliyebeba beseni la muhogo kichwani.

Na hapo hapo, chini ya kilima penye mashine, maji yanashuka usiku na mchana. Milima hii inanyeshewa karibu mwaka mzima. Maji ya upande wetu hayaendi Ziwa Kivu. Yanaelekea magharibi, yanaingia Oso, Oso inaingia Lowa, na Lowa inakwenda kuungana na Lualaba. Mgeni akipita barabara hii hukosi kumsikia akiuliza: kwa maji yote haya, mbona hamna umeme?

Mimi ni fundi wa mashine na umeme. Nimefunga plake za jua juu ya mabati ya maduka, nimefungua injini za kusaga kuanzia Nyabiondo hadi njia ya Walikale, na kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma kila nilichokipata juu ya mitambo ya zamani ya Kivu. Jibu ninalompa mgeni ni kwamba katika historia yetu umeme haujawahi kufuata maji. Humfuata mnunuzi. Alipokuwapo mnunuzi, bwawa lilijengwa hata katikati ya msitu. Alipoondoka, turbini zilinyamaza, na mto uliendelea kupita.

Tuanze na mashamba na migodi ya Wabelgiji. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliunda Comité National du Kivu, shirika lililopewa mamlaka ya kugawa ardhi ya Kivu kwa walowezi na makampuni. Masisi ikapandwa kahawa, pareto na chai, na kuanzia 1937 maelfu ya familia zililetwa kutoka Rwanda kuja kukaa na kufanya kazi humo. Chai ni zao lisilokubali kungoja. Jani likishachumwa ni lazima linyaushwe, lisagwe na likaushwe kabla halijaoza, na kazi hiyo inataka mota na feni zinazozunguka bila kusita. Mwenye kiwanda hakuwa na kampuni ya kumletea waya. Ama alichoma kuni na mafuta, ama aliweka turbini mtoni kwake.

Wenye migodi walifanya vivyo hivyo kwa ukubwa zaidi. Symétain, kampuni iliyochimba bati huko Maniema, ilijenga mtambo wa maji wa Lutshurukuru kwa ajili ya migodi ya Kalima. Kamituga, kwenye dhahabu ya Kivu Kusini, Minière des Grands Lacs ilikuwa na mtambo wake wa Mungombe. Leo tunapozungumza habari za kampuni zinazojizalishia nishati safi, watu hudhani ni jambo lililoletwa juzi na wazungu wa mazingira. Babu zetu waliliona. Waliona nyaya zikitoka kwenye mtambo, zikipita juu ya vichwa vyao, zikiingia karakana, hospitali ya kampuni na nyumba za wakubwa. Kijiji hakikuwa mnunuzi, kwa hiyo mchoraji wa nyaya hakukiona.

Miaka ya 1950 ikaja biashara ya kuuzia miji. Kampuni iliyoitwa Forces de l'Est ilijenga Tshopo kwa ajili ya Kisangani mwaka 1955, Ruzizi kwa ajili ya Bukavu mwaka 1958, na Bendera kwa ajili ya Kalemie mwaka 1959. Ruzizi ndiyo inayotuhusu zaidi. Maji yanayotoka Ziwa Kivu yanaelekea Tanganyika kwa mto huo, na pale Mururu, karibu na mlango wa ziwa, yakawekewa turbini zilizofikia karibu megawati 30. Baadaye waya ulivutwa kutoka Bukavu hadi Goma, zaidi ya kilomita 100. Mtambo wa pili, Ruzizi II, ulianza 1989 kwa ushirika wa Zaire, Rwanda na Burundi. Mpaka leo sehemu ya umeme wa Goma ni maji ya ziwa lile lile ambalo mji unaliangalia kila asubuhi, yaliyokwenda hadi ncha ya kusini ndipo yakarudi kwa waya.

Halafu dola ikachukua yote. SNEL, shirika la umeme la dola, iliundwa Mei 1970, na mwaka 1974 ikameza zile kampuni za zamani. Shabaha ya Rais Mobutu ilikuwa mabwawa ya Inga. Inga I iliwashwa 1972, Inga II mwaka 1982, na kutoka huko ukavutwa waya wa kilomita kama 1,700 hadi Kolwezi. Mnunuzi alijulikana tangu siku ya kwanza: Gécamines na shaba yake. Kwa sisi mafundi waya huo una somo. Unabeba mkondo mnyoofu wenye msukumo mkubwa sana, na mkondo wa namna hiyo hauchotwi njiani bila kujenga kituo kizima cha kuugeuza. Nguzo zikapita juu ya Bandundu na Kasai, juu ya nyumba za watu waliowasha koroboi, wala hakuna aliyeweza kuteremsha hata waya mmoja. Mnunuzi mmoja mkubwa akiwa peke yake kwenye mkataba, hata umbo la umeme wenyewe hutengenezwa kwa ajili yake.

Kwetu Walikale mnunuzi mkubwa alikuwa bati. Mwaka 1976 kampuni za migodi za Kivu na Maniema ziliunganishwa zikawa Sominki. Oktoba 1985 soko la bati la dunia lilianguka pale baraza lililokuwa likishikilia bei, lenye makao London, lilipoishiwa fedha. Bei ikashuka zaidi ya nusu. Sominki ikaanza kuachia machimbo kwa wachimbaji wa mikono, ikakonda mwaka hadi mwaka, na kufikia 1997 ilikuwa imekwisha. Mchimbaji wa mikono anatumia nyundo, patasi na tochi ya kichwani. Hahitaji bwawa. Mitambo ya migodi ilipoteza mteja wake wa pekee, na kwa kuwa hakuna kijiji kilichowahi kuandikishwa kama mteja wa pili, hapakuwa na mtu wa kulipia hata grisi ya beringi.

Machi 1993 vita vya jamii kwa jamii viliwaka Ntoto, soko la Walikale lisilo mbali na kwetu, vikapanda hadi Masisi. Mwaka uliofuata wakaja wakimbizi wa Rwanda, na 1996 vita vya nchi nzima. Yaliyotokea katika milima hii sitayaeleza hapa kwa sababu yanataka kitabu chao. Kwa habari ya umeme inatosha kusema kwamba mashamba mengi ya chai yaliachwa, na kilichobaki cha kuzungusha mashine kilikuwa injini ya mtu binafsi, ile anayoweza kuibeba akikimbia au kuinunua upya akirudi.

Injini hiyo naijua kama mkono wangu. Ni ya Kichina, silinda moja iliyolala, nguvu za farasi 12. Haina rejeta: juu yake kuna tangi la maji lililo wazi, na maji yakichemka unaona mvuke, unaongeza ndoo. Unaiwasha kwa manivela. Unainua kile kijiti cha kupunguza mgandamizo, unazungusha kwa nguvu zako zote, gurudumu zito likishika kasi unaachia kijiti, nayo inakohoa moshi mweusi mara mbili tatu kabla ya kuamka. Mkanda mrefu unatoka kwenye puli yake hadi kwenye kinu cha nyundo. Muhogo mkavu unaingia juu, unga mweupe unatoka chini kwenye mfuko wa kitambaa uliovimba.

Kila mama wa huku anajua kuwa mwenye mashine hawashi kwa ajili ya beseni moja. Kuiwasha tu ni hasara, na ikizunguka bila kitu ndani inakunywa mazutu bure. Basi mabeseni yanapangwa mstari.

"Fundi, leo tunasaga?"

"Mama, tungoje kidogo, wengine wanakuja."

"Watoto wanangoja ugali, fundi."

Kungoja huko hakuandikwi popote. Hakuna hesabu ya serikali wala ya shirika inayosema wanawake wa Masisi na Walikale wamepoteza saa ngapi wakiwa wameketi kando ya injini iliyozimwa. Mimi nimekaa nao, na ninasema hiyo ndiyo gharama kubwa ya kwanza ya mazutu, kubwa kuliko bei ya lita.

Baadaye zikaja plake za jua, na sitazidharau. Plake ya wati 50 na betri ndogo zimefanya duka la dawa lisifungwe saa kumi na mbili jioni. Kinyozi ananyoa kwa mashine, simu zinachajiwa, watoto wanasoma. Lakini kinu cha nyundo kinataka kilowati nane au tisa kwa mfululizo, na betri za kubeba mzigo huo bei yake inazidi ya mashine yenyewe. Kwa hiyo tukawa na mwanga, na kazi nzito ikabaki kwa mazutu. Watu wa miradi huja wakapiga picha ya balbu na kuandika kwamba kijiji kimepata umeme. Kijiji kinachoona usiku kikashindwa kusaga mchana bado hakijapata umeme wa kujikwamua.

Mabadiliko ya kweli katika jimbo letu yalianzia upande wa pili, kwenye Hifadhi ya Virunga. Mkurugenzi wake tangu 2008, Emmanuel de Merode, alishika wazo kwamba watu wanaokata miti ya hifadhi kwa makaa hawatakoma kwa kuhubiriwa. Wanataka kazi, na kazi inataka umeme wa bei inayovumilika. Mwaka 2013 mtambo mdogo wa kilowati 400 ulianza Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Waya wake ulienda nyumbani na pia kwenye karakana, na kiwanda cha sabuni kikafunguliwa hapo kutumia mafuta ya mawese ya wakulima. Kilichonivutia ni mpangilio: maji, turbini, na mnunuzi wa mchana karibu yake. Nyumba hutumia umeme jioni. Mtambo usio na kiwanda humwaga maji yake bure tangu alfajiri hadi magharibi.

Juni 2014 ikapitishwa sheria namba 14/011 iliyoondoa ukiritimba wa SNEL. Kampuni binafsi ikaruhusiwa kuzalisha na kuuza. Desemba 2015 Virunga ikafungua Matebe, kwenye mto Rutshuru, karibu megawati 14, kwa fedha nyingi za mfuko wa Howard G. Buffett. Nyaya zikafika Goma. Mwenye karakana ya kuchomelea, mwenye friji za samaki, mwenye hoteli, wote wakaanza kuweka grupu zao, yaani majenereta, pembeni na kununua umeme wa maji kwa mita ya malipo ya kabla. Pakawa hata na mikopo ya wafanyabiashara wadogo inayorejeshwa kidogo kidogo kila mtu anaponunua umeme. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Kivu Kaskazini, mshonaji na msagaji walihesabiwa kuwa wanunuzi ambao bwawa linaweza kujengwa kwa ajili yao.

Kisa cha Luviro, upande wa Lubero, kinanirudia akilini mara nyingi. Mtambo huo wa Virunga ulikuwa wa megawati 14.6, lakini nyaya za kufika kwa wateja zilikuwa bado. Mwaka 2020 hifadhi ilikuwa imefungiwa watalii kwa sababu ya vita na korona, na mapato yalikuwa yamekauka. Ndipo yakaletwa makontena yaliyojaa kompyuta za kuchimba bitcoin, kwa ubia na Mfaransa Sébastien Gouspillou. Yalifika 10, matatu ya hifadhi, saba ya kampuni yake. Wapo waliochukia kuona maji ya Kongo yakilisha hesabu za sarafu isiyoshikika, na ninaelewa uchungu wao. Hata hivyo mimi nilipolisoma jambo hilo niliona kanuni ya miaka 100 ikijionyesha bila nguo: waya haukuweza kumfikia mnunuzi, basi mnunuzi akapakiwa kwenye lori akapelekwa mtoni. Kama kontena la kompyuta linaweza kufika Luviro kwa barabara zile, kinu cha muhogo na mashine ya kukoboa mpunga vingeweza pia. Tofauti ni kwamba kompyuta zilikuja na mwenye fedha aliyekuwa tayari kulipa mwezi wa kwanza.

Ukitoka kwetu kuingia Goma unapita Sake, Mugunga, kisha Ndosho. Hapo Ndosho, Februari 2020, kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 wenye betri zake. Nuru ilianzia Beni na mtambo mdogo mwaka 2017, kwa hiyo haikuwa ngeni katika jimbo. Goma ikawa mji wa ajabu kidogo: SNEL, Virunga Energies, Socodee na Nuru zote zinauza umeme, na mwenye biashara anaweza kuchagua kulingana na mtaa wake. Miji mikubwa kuliko Goma haina bahati hiyo.

Kutoka Ndosho kulitokea jambo ambalo wengi wa hapa hawalijui. Katika nchi tajiri, kampuni inayotaka kutumia nishati safi ina njia kadhaa. Inaweza kufunga plake juu ya paa lake. Inaweza kutia saini mkataba wa miaka mingi na mwenye mtambo, kama Google ilivyofanya mwaka 2010 huko Iowa, Marekani, ilipoahidi kununua umeme wa upepo wa megawati 114 kwa miaka 20. Kwa ahadi kama hiyo mwenye mtambo huenda benki akakopa. Au inaweza kununua cheti. Mtambo wa nishati safi ukizalisha megawati moja kwa saa moja, mita ikathibitisha, hutolewa cheti kimoja, na anayekinunua ndiye mwenye haki ya kusema kwamba kiasi hicho ni chake, hata kama waya hauunganishi mtambo na ofisi yake.

Shirika la Energy Peace Partners lilitengeneza cheti cha aina hii kwa ajili ya nchi zenye vita, na cha kwanza kilitoka Ndosho. Mnunuzi, mwaka 2020, alikuwa Microsoft. Fedha hizo zilisaidia kuweka taa za barabarani katika mtaa huo. Nimewasikia watu wakisema hiyo ni biashara ya karatasi: kompyuta za Amerika hazikuonja hata chembe ya jua la Goma. Ni kweli, hazikuonja. Lakini mama anayeuza ndizi Ndosho saa mbili usiku anauza chini ya taa. Kwangu kipimo cha cheti ni kimoja tu: je, fedha yake imesimamisha kitu ambacho kisingesimama bila hiyo? Ikiwa mtambo ulikuwa unafanya kazi na ungeendelea hivyo hivyo, basi kilichouzwa ni sifa tupu. Ikiwa ni nguzo ya taa mahali pasipokuwa na nguzo, mnunuzi wa mbali ameingia katika historia yetu kwa mlango halali, na ningependa aje hata Kashebere.

Waya mrefu una udhaifu wake, na tumeuona. Tangu 2022 mapigano ya Rutshuru yamepita juu ya mitambo na nguzo za Virunga. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, umeme ulikatika na maji ya bomba nayo, kwa sababu pampu za kandoni mwa ziwa zinategemea waya. Watu walirudi kuchota ziwani kwa bido. Ndiyo maana sitamani waya wa Matebe uvutwe mpaka kwetu. Ungevuka mistari ya mbele isiyohesabika. Natamani mtambo mdogo ambao maji yake, waya wake na wateja wake vyote vinaonekana ukiwa umesimama mahali pamoja.

Walikale kwenyewe mnunuzi mkubwa amerudi. Bisie, machimbo ya bati yaliyoanza kuchimbwa kwa mikono mwaka 2002, sasa ni mgodi wa mashine wa Alphamin unaozalisha kibiashara tangu 2019. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Umejengwa juu ya majenereta ya mazutu, na mazutu hayo yanakuja kwa malori kupitia msituni. Machi 2025 vita viliposogea hadi Walikale-Centre mgodi ulisimama, ukaanza tena Aprili. Wakati wa Symétain mgodi wa namna hiyo ungeanza na bwawa. Ninafahamu kwamba mwenye fedha huogopa kumwaga saruji mahali ambapo huenda akakimbia baada ya wiki mbili. Jenereta hubebwa, bwawa halibebwi. Lakini ningependa wakuu wa Kinshasa wanaotoa vibali vya kuchimba waitazame Mwenga, huko Mufindi, Tanzania. Tangu 2012 mtambo wa maji wa megawati 4 unauza umeme kwa kampuni ya chai, ziada unaiuzia TANESCO, shirika la umeme la nchi hiyo, na njiani unahudumia vijiji kwa mtandao wake wenyewe. Chai ndiyo iliyofanya hesabu ikubali. Vijiji viliandikishwa tangu mwanzo. Kalima na Kamituga zilikosa hicho kipengele kimoja, na kwa kukikosa zilibaki zikimtegemea mwajiri mmoja tu.

Kashebere haihitaji megawati 4. Hesabu ya fundi ni hii: chukua lita za maji zinazopita kwa sekunde, zidisha kwa mita za mteremko, zidisha kwa 9.81, umepata wati. Kijito cha lita 100 kwa sekunde kinachoshuka mita 20 kina karibu wati 19,600. Turbini, jenereta na waya vitakula sehemu yake. Ukibakiwa na asilimia 60 una karibu kilowati 12. Ile injini ya Kichina, ikiwa mpya na haina moshi, inatoa tisa. Mchana kinu kinasaga, na hakuna haja ya kungoja mabeseni yajae, maana mota ya umeme unaiwasha kwa swichi na kuizima kwa swichi. Usiku mota imelala, na nguvu ile ile inakwenda kwenye friji ya chanjo, mnara wa simu na balbu za watu.

Mafundi wa kuchomelea bomba na kukata bakuli za turbini wapo Bukavu na Butembo. Saruji inafika, kwa shida. Kinachokosekana ni mkataba, kwa hiyo mimi ningeanza na karatasi kabla ya saruji. Ningemwita mwenye kinu, mkuu wa kituo cha afya, mwakilishi wa mnara, na wazee wa kijiji wenye kijito, tukae mpaka mkataba uandikwe kwa Kiswahili ambacho wote wanakisoma. Uandikwe kwamba mwenye kinu na mnara watalipa kiasi cha chini kila mwezi, hata wasipotumia, kwa sababu hicho ndicho benki itakachouliza. Uandikwe bei ya kusaga beseni, iwe chini ya ile ya mazutu tangu siku ya kwanza, isije faida yote ikabaki kwa mwenye mashine. Uandikwe nani anapunguziwa kwanza Julai maji yakipungua. Kituo cha afya kiwe cha mwisho. Uandikwe fungu la kubadilisha beringi na mkanda, likae mikononi mwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja. Kama kuna kampuni ya ng'ambo inayotaka cheti cha umeme huu kidogo, fedha yake iingie katika fungu hilo, na isomwe hadharani siku ya soko.

Na kipengele cha mwisho kitaje nani atabaki na ufunguo wa nyumba ya turbini siku ambayo milio ya risasi imewakimbiza watu wote porini. Mimi ningempa mwenye kinu. Nimeona mara nyingi vijiji vya barabara hii vikirudiwa na wenyewe: kabla ya shule, kabla ya kanisa, kabla ya soko, moshi wa kwanza ni wa mashine ya kusaga, kwa sababu walioshinda njaa porini wanatafuta unga.